Maswali Yenu: Kupeleka Wanafunzi Makumbusho ya Magari

Haya jamani, toleo lililopita niligusia mistari miwili mitatu tu kuhusu shule kupeleka wanafunzi kwenye makumbusho ya magari, barua zikaanza kumiminika mpaka mhariri akaniambia chukua kurasa zote uwajibu. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea makundi ya shule kwenye makumbusho ya aina hii, kwahiyo najibu kwa vile nilivyoona kwa macho, na pale ninapokuwa na msimamo wangu nitasema wazi kwamba huo ni msimamo wangu. Barua nimezifupisha kidogo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi darasa la sita. Mkuu wa shule anasema kwenda kuangalia magari ya zamani ni matembezi tu, hakuna somo pale, anataka nimwandikie watoto watajifunza nini hasa. Nimwandikie nini?

Mwalimu, habari za kazi. Mkuu wako usimlaumu, maana ziara nyingi kweli zinaishia kuwa matembezi: watoto wanashuka kwenye basi, wanapita mbio kwenye magari mia na kitu, wanapiga picha na ile nyekundu ya mashindano, wanakula, wanarudi, kesho yake ukiwauliza waliona nini wanakwambia "magari". Ziara ya namna hiyo hata mimi nisingeipitisha. Ila dawa yake sio kuifuta, dawa ni kupunguza. Chagua magari matatu, manne yakizidi sana, na kwenye kila moja mkae dakika ishirini mnaangalia. Huu ndio msimamo wangu na mtauona kwenye majibu karibu yote ya leo.

Nikupe mfano mmoja. Ford Model T utaikuta kwenye makumbusho mengi sana ya magari, kwasababu kati ya 1908 na 1927 zilitengenezwa zaidi ya milioni 15. Lakini usianze na hiyo namba, haitawagusa. Waambie wachuchumae pembeni ya mlango wachungulie chini ya usukani wahesabu pedeli. Wataona tatu, na hapohapo yule mjuaji wa darasa atasema klachi, breki, mafuta, na hapo ndipo somo linapoanza kwasababu sio hivyo kabisa. Pedeli ya kushoto ni ya gia, ukiikanyaga mpaka chini unapata gia ndogo, ukiiachia yote unapata gia kubwa. Ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kulia ndio breki. Sasa mafuta yako wapi? Waache watafute, usiwaambie. Ni kale kamkono kadogo upande wa kulia chini ya usukani, dereva alikuwa anakavuta kwa vidole, na kenzake ka kushoto ni ka kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi. Yaani dereva wa wakati ule alikuwa anafanya kwa mkono kazi ambayo leo inafanywa na kompyuta ya gari bila mtu kujua.

Alafu waulize tangi la mafuta liko wapi. Kwenye Model T nyingi liko chini ya siti ya mbele, na pampu hakuna, mafuta yanateremka kwenye kabureta kwa uzito wake yenyewe. Sasa gari ikipanda mlima mkali na tangi limebaki na mafuta kidogo inakuwaje? Wape muda. Kuna mtoto atachukua daftari lake alilaze mshazari, ataona mbele kumepanda juu kuliko siti, ataropoka "mafuta hayafiki!" na kweli, injini ilikuwa inazima. Madereva walichokifanya ni kugeuza gari na kupanda mlima kinyumenyume, hivyo tangi linakuwa juu ya injini, na gia ya kurudi nyuma nayo ilikuwa na nguvu zaidi ya ile ndogo ya mbele. Mtoto aliyefika hapo mwenyewe hatasahau habari ya mvutano wa dunia.

Kwahiyo kwenye barua ya mkuu usiandike "watajifunza historia ya usafiri", hiyo haimsaidii mtu. Andika kwamba mwanafunzi atachora njia ya mafuta toka tangini mpaka kwenye silinda na kutaja nguvu inayoyasukuma. Kwamba ataeleza hatua nne za injini, kuvuta, kubana, kuwaka na kutoa, akiwa mbele ya injini iliyopasuliwa ubavu (makumbusho mengi wanayo, uliza mapema). Kwamba atapiga hesabu: gari ya Karl Benz ya 1886 ilikuwa na silinda moja, nguvu isiyofika hata farasi mmoja, na mwendo wa kama kilomita 16 kwa saa, je umbali wa toka nyumbani kwake mpaka shule ingemchukua dakika ngapi? Mkuu akisoma hivyo ataona masomo yake yote matatu yamo.

Makumbusho wametutumia programu tatu: kutembezwa na mwongozaji, warsha, au tujitembeze wenyewe. Wanafunzi wako 80 na tuna asubuhi moja tu. Tuchague ipi?

Warsha, kama kuna nafasi. Watoto 80 nyuma ya mwongozaji mmoja maana yake 15 wanasikia na 65 wanasukumana, na hata mwongozaji awe na sauti namna gani haibadiliki. Wagawe makundi manne ya 20, omba wapokezane: kundi moja kwenye warsha, moja na mwongozaji, mawili yana karatasi za kazi wakiwa na walimu wao, baada ya dakika arobaini hivi mnabadilishana. Sehemu nyingi wanakubali mpango huu ukiwaambia mapema, ukifika nao mlangoni ndio shida.

Kama kwenye orodha yao kuna warsha ya mstari wa kuunganisha magari ichukueni hiyo. Kwa kawaida inakwenda hivi: raundi ya kwanza kila mtoto anatengeneza kigari cha karatasi au mbao peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, raundi ya pili wanajipanga mstari, mmoja magurudumu tu, mwingine ekseli tu, mwingine bodi, mnapima muda. Ndicho Henry Ford, mwenye kampuni iliyotengeneza Model T, alichokianzisha kwenye kiwanda chake cha Highland Park, Marekani, mwaka 1913, chesisi (fremu ya chini ya gari) ya Model T iliyokuwa inachukua kama saa 12 na nusu kuunganishwa ikashuka mpaka dakika 93 mwaka uliofuata. Bei ya gari nayo ikawa inashuka mwaka hadi mwaka, ilianza kwenye dola 850 hivi mwaka 1908 na katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa chini ya 300.

Ila naomba sana mwalimu usiishie kwenye kushangilia mwendo kasi. Baada ya raundi ya pili muulize yule mtoto aliyekuwa anafunga gurudumu la nyuma kushoto, lilelile, muda wote, alijisikiaje. Atakwambia amechoka na alikuwa anataka kubadilisha. Wafanyakazi wa Highland Park nao ndivyo, waliikimbia ile kazi kwa wingi sana mpaka Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, ambayo ilikuwa kama mara mbili ya walichokuwa wanapata, na hata hizo dola 5 zilikuwa na masharti ya kuchunguzwa maisha yako nyumbani. Hapo mwalimu wa uraia ana kipindi kizima mkononi.

Kujitembeza wenyewe sikatai, ila ni kwa mwalimu ambaye ameshaenda peke yake kabla na anajua anasimama wapi. Walimu wengi wanaingizwa bure siku ya kukagua, uliza.

Nafundisha darasa la nane. Wasichana wangu wameshasema ziara hii ni ya wavulana, kuna wanaotaka kubaki shule. Nifanyeje?

Usiwabembeleze na usiwaambie "hata nyie mnaweza", wanaichukia hiyo na wana haki. Wape habari ya Bertha Benz, mke wa yule Karl Benz niliyemtaja juu, alafu wakae wenyewe waamue gari ni ya nani.

Gari ya mumewe ilikuwa na hati ya ugunduzi tangu Januari 1886 lakini watu hawaitaki, wanaiona ni mchezo, na Karl mwenyewe alikuwa mtu wa kusitasita. Agosti 1888 Bertha akaamka asubuhi na wanae wawili, Eugen na Richard, wakaitoa gari bila kumwambia mume, wakaondoka Mannheim kwenda Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilomita 100, safari ambayo hakuna mtu alikuwa ameshaifanya kwa gari. Barabara zenyewe za mikokoteni. Sheli hakuna, neno lenyewe halipo. Mafuta yalipoisha akaenda duka la dawa pale Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika kilichokuwa kinauzwa kwa kusafishia madoa. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ukachubuka, akaufunga na mkanda wa soksi. Breki za mbao zikaisha, akamkuta fundi viatu akampigia ngozi juu yake, na hizo unaweza kusema ndio breki pedi za mwanzo. Milima ikiwashinda watoto wanashuka wanasukuma, na aliporudi alimwambia mumewe gari inahitaji gia nyingine ya mlima.

Ukiisoma vizuri hiyo ni safari ya majaribio ya injinia, na pesa alizopewa na wazazi wake za kuolewa nazo ndizo zilizokuwa zimeingia kwenye karakana ya mumewe toka mwanzo. Nchini Ujerumani leo njia aliyopita ina vibao vya kumbukumbu.

Makumbusho mengi wana nakala ya hiyo gari ya magurudumu matatu. Mkifika mbele yake mpe kila kundi kazi moja: bila kugusa, tafuteni bomba lingeweza kuziba wapi, breki iko wapi, maji ya kupoza injini yanaingilia wapi. Wasichana waliokuwa wanataka kubaki shule mara nyingi ndio wanaokuwa wa mwisho kuondoka hapo.

Kuna na wengine. Mary Anderson alipata hati ya ugunduzi wa waipa nchini Marekani mwaka 1903 baada ya kumwona dereva wa tramu New York anahangaika na theluji kwenye kioo, kampuni aliyoipelekea ikamjibu haina faida. Alice Ramsey mwaka 1909, akiwa na miaka 22, aliendesha toka New York mpaka San Francisco kwa siku 59, na wanawake watatu aliokuwa nao hakuna hata mmoja anayejua kuendesha, yaani kila pancha ni yake. Waulize wasichana wako wangebeba spea gani.

Nimejitolea kama mzazi kusindikiza darasa la mwanangu. Kazi yangu ni ipi hasa, na kwanini wanakuwa wakali hivyo kuhusu kugusa? Si chuma tu?

Asante kwa kujitolea mzazi mwenzangu, watu kama wewe ndio wanafanya ziara iwezekane. Kazi yako ya kwanza ni kuwajua watoto wako kwa majina, tuseme kumi, na kuwahesabu kila mnapotoka chumba kimoja kwenda kingine. Ya pili ni kuweka simu mfukoni. Mzazi akianza kujipiga picha watoto nao wametawanyika, hii inatokea kila mara.

Kuhusu kugusa, hapana, sio chuma tu. Jasho la mkono lina chumvi na mafuta, ukigusa shaba au nikeli leo huoni kitu, baada ya wiki kadhaa alama ya kidole inaanza kutokea nyeusi na haitoki mpaka isuguliwe, na kila ukisugua unaondoa kidogo ya kitu chenyewe. Rangi za zamani nazo ni laini kuliko za leo. Ngozi ya siti ya miaka mia imeshakauka, mtoto akikaa mara moja inapasuka, na makumbusho mengine hawataki kuibadilisha kwasababu ngozi ya asili ndiyo yenye habari, imeonyesha dereva alikuwa anaegemea upande gani.

Na sasa nikwambie kitu ambacho wasindikizaji wengi hawakijui: kinachoharibu zaidi sio vidole, ni mabegi ya mgongoni. Mtoto anageuka kuongea na mwenzake, begi linazunguka nyuma yake, zipu inapita kwenye mlango wa gari. Ukiona makabati mlangoni acheni mabegi yote hapo, hakuna makabati basi yavaliwe kifuani. Hilo moja ukilisimamia wafanyakazi wa makumbusho watakupenda.

Alafu usiwanyime watoto haki ya kushika. Uliza meza ya vitu vya kushika iko wapi, karibu kila programu ya shule inayo: pistoni, plagi, gia, kipande cha tairi. Waambie walinganishe tairi na picha za magari ya mwanzo, wataona mengine yana matairi meupe au ya kijivu. Hiyo ndio rangi ya mpira wa mwanzo. Weusi ulikuja viwanda vilipoanza kuchanganya masizi ya kaboni ndani ya mpira, tairi ikawa inadumu muda mrefu zaidi. Watoto wengi wanadhani ni rangi imepakwa tu.

Mwanangu ana usonji na makelele yanamvuruga sana. Mwalimu anasema itakuwa vizuri tu, mimi naogopa. Nimwache aende?

Mama, woga wako una msingi. Makumbusho ya magari yana vitu vitatu vya kuviangalia: sehemu zinazopiga sauti za injini ghafla mtu akipita, vyumba vya giza vyenye taa za kumulika, na siku ambazo wanawasha gari ya zamani kweli, hiyo ni kelele pamoja na harufu ya moshi. Mwambie mwalimu apige simu aulize hivyo vitatu kwa majina yake, asiulize "je mnapokea watoto wenye mahitaji maalumu" maana kila mtu atajibu ndio. Sehemu nyingi siku hizi wanaweza kuzima zile sauti kwa muda, wana chumba cha utulivu, wana masaa ya kimya, au wanatuma picha za njia nzima ili mtoto aione kabla. Headfoni za kuzuia kelele beba za kwake alizozizoea.

Nikuongezee kwamba hawa watoto mara nyingi ndio wanaofaidi zaidi ule mtindo wangu wa magari machache muda mrefu. Kinachowachosha ni kukimbizwa. Mpe gari moja, mpe daftari, muache. Ukiona bado moyo wako hautulii omba muende wawili tu siku nyingine yenye watu wachache kabla ya ziara, mtoto akishapajua mahali siku ya darasa inakuwa nyepesi.

Hapohapo nimjibu na mzazi wa mtoto wa kiti cha magurudumu aliyeuliza kwa ufupi: uliza lifti ipo na inafanya kazi, uliza kama kuna gari zimewekwa kwenye jukwaa lenye ngazi, na sema warsha ifanyike kwenye meza ambayo kiti kinaingia chini yake. Hili la meza linasahaulika sana.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, tunaenda wiki ijayo. Mwalimu mmoja alisema gari la kwanza ni la Ford, mwingine Benz. Na je magari ya umeme yatakuwepo kwenye makumbusho au hayo bado mapya?

Marahaba mwanangu, maswali mazuri. Ford hakugundua gari, yeye aliifanya ipatikane na watu wengi. Benz ndiye anayehesabiwa wa kwanza kwa gari ya injini ya petroli iliyoundwa tangu mwanzo iwe gari, 1886. Lakini ukisema chombo chochote kinachojiendesha chenyewe barabarani basi kuna mkokoteni wa mvuke wa Mfaransa Nicolas-Joseph Cugnot wa 1769, uliotengenezwa kwa kuvutia mizinga ya jeshi, na mmoja wake upo mpaka leo kwenye makumbusho ya Arts et Métiers pale Paris. Kwahiyo mtu akikwambia "gari la kwanza" muulize kwanza gari maana yake nini kwake, walimu wako wote wawili watafurahi.

Ya umeme yatakuwepo, tena angalia sehemu ya zamani kabisa. Gari ya kwanza kupita kilomita 100 kwa saa ilikuwa ya umeme, inaitwa La Jamais Contente, iliendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy mwaka 1899 karibu na Paris, ina umbo la risasi na dereva amekaa juu kichwa chote nje. Miaka ile ya umeme yalipendwa mjini kwasababu yalikuwa kimya, hayana moshi, na hayana kile kihendeli cha kuzungusha mbele. Kile kihendeli kilikuwa kinavunja watu mikono, injini ikirusha nyuma kinakupiga, ndio maana madereva walifundishwa kukishika kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine. Mke wa Henry Ford mwenyewe, Clara, alikuwa anaendesha gari ya umeme ya Detroit Electric wakati mumewe anatengeneza mamilioni ya petroli.

Yakashindwa kwa mambo kadhaa pamoja: betri nzito na za umbali mfupi, petroli ikawa rahisi, Model T ikashuka bei, na Cadillac ya 1912 ikaja na starta ya umeme ya Charles Kettering, kihendeli hakina kazi tena. Ukifika huko tafuta gari moja ya kabla ya 1912 na moja ya baada, angalia mbele chini ya rejeta kuna tundu la kihendeli au hakuna. Andika ulichoona kabla hujasoma kibao.

Mimi sipendi hizi ziara. Makumbusho yanasifia tu magari, watoto wanatoka wanatamani ya kwenda kasi, hakuna anayezungumzia ajali wala moshi. Unasemaje?

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa, na nafikiri wewe ndiye unayefaa kuongoza darasa lako huko kuliko yule anayeyapenda magari.

Barabara zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, na kwa wenye umri wa miaka 5 mpaka 29 ndio sababu ya kwanza ya vifo. Hao ni hawa hawa unaowapandisha kwenye basi. Mwaka 1896 pale Crystal Palace, London, mama mmoja anayeitwa Bridget Driscoll aligongwa akafa na gari ya maonyesho iliyokuwa inatembea polepole sana, na anahesabiwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari ya petroli Uingereza. Magari yenyewe wakati huo nchi nzima yalikuwa machache mno.

Sasa chukua darasa lako mpite kwenye miaka, ila mtafute kitu kimoja tu: kingemlinda nani? Gari za miaka ya 1930 na 40 deshibodi ni bati tupu lenye vitasa vya chuma vimetokeza usawa wa kifua, usukani una mhimili ulionyooka kama mkuki unamtazama dereva. Waambie wasimame pembeni wakadirie kichwa cha abiria kingefikia wapi gari ikisimama ghafla. Kimya kitaingia hapo. Alafu mfike kwenye Volvo ya 1959 kuendelea, mkanda wa pointi tatu wa Nils Bohlin, unaofunga bega na kiuno kwa mkono mmoja, na Volvo waliuachia watengenezaji wote wautumie. Kisha zile gari zilizotengenezwa mbele zikunjike makusudi ili mshtuko uishie kwenye bati usifike kwa mtu, wazo la Béla Barényi wa Mercedes. Mtoto anayejua kwanini bati linakunjika anafunga mkanda bila kuambiwa, hii nimeiona kwenye basi la kurudi.

Kwa moshi, tafuteni pampu ya zamani ya mafuta, karibu kila makumbusho ina moja imepakwa rangi nzuri. Soma maandishi yake, nyingi zimeandikwa kuonyesha mafuta yana risasi, yaani ile metali yenye sumu, sio ya bunduki. Risasi iliwekwa kwenye petroli tangu miaka ya 1920 kuzuia injini isigonge (ile sauti ya mafuta kujiwakia yenyewe ndani ya silinda), wafanyakazi walikufa kwa sumu yake kiwandani mwaka 1924, hatari ikajulikana, na bado ikaendelea kuuzwa miongo na miongo huku ikiingia kwenye damu ya watoto. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ni Algeria, mwaka 2021. Ni juzi tu hapo. Kama mwongozaji hataji mambo haya muulize mbele ya watoto, kwa heshima. Waongozaji wengi wanayajua vizuri, wanasubiri mtu aulize.

Shule yetu iko mbali, hatuwezi kufika makumbusho yoyote ya magari. Tunakosa kabisa?

Hamkosi. Kwanza andikieni makumbusho, baadhi wana masanduku wanayotuma shuleni yenye vipuri na picha, na wengine wanafanya ziara kwa video moja kwa moja ambapo mtu anatembea na kamera na watoto wanamwelekeza "rudi hapo, shuka chini". Hiyo ya moja kwa moja ni bora mara kumi kuliko zile picha za kuzungusha kwenye kompyuta, kwasababu watoto wanatoa amri na wanajibiwa.

Pili, gereji. Fundi mmoja mwenye subira, injini moja iliyofunguliwa, na watoto kumi kwa wakati. Mkae mbali na gari lililo kwenye jeki, injini iwe imezimwa na imepoa, nywele ndefu zifungwe. Mwombe fundi awaonyeshe pistoni nzima na iliyokufa, plagi mpya na iliyoungua, breki pedi mpya na iliyoisha, na asieleze chochote kwanza. Watoto waseme tofauti wanayoiona, alafu ndio awaambie kila moja ilikufa kwa sababu gani.